Kuprogramu na kupanga draivu ya servo: maswali yenye bafundi wa Lubumbashi banauliza mara kwa mara

Tumekusanya hapa maswali yenye bafundi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi banatuuliza kila wakati juu ya draivu za servo, zile za meza ya kukata chuma na plasma, za CNC, za mashini ya kujaza maji mu sachet, za kufunga mifuko na vingine. Jambo moja tunalishikilia sana: draivu mingi zenye batu banatupa haziko zimekufa, ni namba za ndani njo haziendane na moteri ama na mashini. Na kwetu huku piesi mupya inaweza kukawia wiki mingi njiani mbele ivuke Kasumbalesa, kwa hiyo soma namba kwanza, pesa itoke kisha.

Draivu ya servo na variateri ya pompe, si ni kitu moja tu?

Hapana. Ndani zinafanana kidogo, zote mbili zinachukua umeme wa 220 ama 380, zinaugeuza kuwa DC, kisha transista zinaukatakata ili zipeleke fazi tatu ku moteri. Lakini variateri ya kawaida ya pompe inasukuma tu, haijue moteri imefika wapi. Servo iko na ankoda nyuma ya moteri, na hiyo ankoda inaambia draivu kila wakati shafti iko wapi, draivu inalinganisha na pale ulituma, inasahihisha, inalinganisha tena, mara elfu na elfu kila segonde. Kuko bukle tatu (bukle ni huo muzunguko wa kulinganisha na kusahihisha) moja ndani ya ingine: ya ndani kabisa ni ya ampea (ni kusema kuple, nguvu ya kuzungusha), ya katikati ni ya mwendo, ya inje ni ya nafasi. Ya ndani inakimbia kuliko ile inaifunika. Shika hii vizuri juu karibu kila parametri (namba ya ndani ya draivu) utaona mu menyu iko ya bukle moja kati ya hizi tatu, na ukijua ni ya bukle gani unajua inagusa nini.

Nimepata draivu na moteri mupya, nianzie wapi?

Anzia ku plake ya moteri, si ku menyu. Andika mu kaye: voltaji, ampea ya kawaida na ya juu kabisa, mwendo, aina ya ankoda, kama iko na freni ama haina. Kisha soma plake ya draivu, zilinganishe. Draivu ya 220 ukiipa 380 hautarudia mara ya pili.

Halafu toa moteri ku mashini. Fungua kaple (piesi yenye inaunganisha shafti ya moteri na mashini), acha shafti huru, funga moteri nguvu ku meza juu isiruke ikianza. Washa umeme, na mbele haujabadilisha kitu, toa kopi ya parametri zote zenye zilitoka izini, uiweke na jina na tarehe. Kisha weka kodi ya moteri ama, kama ni moteri ya kampuni ingine, uingize wewe mwenyewe namba ya pole, ampea na ankoda. Zungusha shafti na mukono, angalia ku skrini kama namba ya nafasi inapanda na kushuka vile inafaa, zungusha mara moja kamili uone kama inaonyesha hesabu ya ankoda yako. Kama ni ya 2500 laini lazima upate 10000, juu draivu inahesabu kingo nne kwa kila laini. Ankoda ya biti 17 inatoa 131072, ya biti 20 inatoa 1048576.

Kisha tu njo ujaribu JOG (kuzungusha moteri kutoka ku buto za draivu yenyewe), mwendo wa chini, limiti ya kuple ishushwe. Kama inazunguka laini bila kelele na ampea iko karibu na zero, sasa unaweza kuirudisha ku mashini.

Moteri inazunguka upande mubaya. Nibadilishe U na V?

Usifanye. Hii ni tabia yenye tunatoa ku moteri za kawaida, kule ukibadilisha waya mbili inageuka na kazi inaendelea. Ku servo draivu inajua sumaku ya rota iko wapi kupitia ankoda, na inatuma ampea kufatana na ile. Ukibadilisha U na V unaivuruga: moteri inatetemeka, inajifunga pahali pamoja, ama inatoka mbio yenyewe bila kusikia mutu, na hiyo ya mwisho inaweza kuvunja mukono. Kuko parametri ya kugeuza upande, itafute mu menyu, ni biti moja tu. Kisha zima na uwashe tena juu draivu mingi haziikubali mpaka zizimwe.

Vilevile, umeme wa mujini hauingii hata siku moja ku U, V, W. Hata segonde moja.

Nichague modi gani: nafasi, mwendo ama kuple?

Angalia nani anafanya hesabu ya njia. Kama kontrola ya CNC ama ya plasma inatuma impulsio (mapigo mafupi ya umeme, kila moja ni hatua moja) na upande, weka modi ya nafasi. Kama kontrola ya zamani inatuma ±10 V na inasoma ankoda yenyewe, weka modi ya mwendo, bukle ya nafasi iko kule ku kontrola. Modi ya kuple ni ya kazi kama kuvuta plastiki ya kufungia ama kufunga vifuniko vya chupa, na hapo lazima uweke limiti ya mwendo, juu siku plastiki inakatika hakuna tena muzigo na moteri itapanda mpaka ku mwendo wa mwisho.

Gia ya elektroniki naihesabu namna gani? Hii njo inanisumbua kuliko zote.

Inasumbua batu mingi juu banakopia namba ya mashini ingine. Gia hii ni uwiano wenye unageuza impulsio za kontrola kuwa hesabu za ankoda, na hesabu yenyewe ni fupi. Unajiuliza: moteri ikizunguka mara moja, muzigo unatembea mm ngapi? Na impulsio moja nataka iwe mm ngapi? Unagawanya, unapata impulsio za muzunguko moja. Kisha ku draivu juu unaweka hesabu ya ankoda, chini unaweka hizo impulsio.

Tuseme visi ya bile ya hatua 10 mm, imefungwa moja kwa moja ku moteri, ankoda biti 17. Unataka impulsio moja iwe 0.001 mm. Ni 10 gawanya na 0.001, unapata 10000. Gia ni 131072 juu ya 10000, ukiifupisha ni 8192 juu ya 625. Imeisha.

Lakini hapo angalia mwendo. Ku 3000 tour kwa dakika, ni 50 kwa segonde, mara 10000, kontrola lazima itume impulsio 500000 kila segonde. Draivu mingi zinaishia hapo kabisa kwa waya za diferansheli, na kwa waya za kawaida za kolekta wazi nyingi zinaishia karibu 200000. Kontrola mingi za bei ya chini hazifike hata hapo. Ukiona mashini inapoteza nafasi ikikimbia na ikitembea polepole iko sawa, mara nyingi ni hii. Weka impulsio moja iwe 0.002 mm, unabaki na 5000 ku muzunguko, gia inakuwa 16384 juu ya 625, na kontrola inapumua ku 250000.

Meza ya plasma iko na kremayere (chuma kirefu cha meno chenye pinyo, gia ndogo, inatembea juu yake), na pale π inaingia. Pinyo ya meno 20, moduli 1.5, ukiizungusha mara moja inatembea 94.25 mm. Weka redikteri ya 5 kwa 1, moteri ikizunguka mara moja ni 18.85 mm. Impulsio ya 0.01 mm inataka 1884.96 kwa muzunguko, na draivu haipokei desimali, unaweka 1885. Kosa yake ku sahani ya mita 6 ni karibu 0.14 mm. Kwa plasma haina neno, mwanga wenyewe unakula zaidi ya hiyo. Kama unataka safi kabisa, acha draivu ku namba ya muviringo kama 2000 na uweke desimali ku kontrola, kule inakubali. Na pima. Tembeza mita moja, weka metre ya chuma, usiamini hesabu yenye haijapimwa.

Kontrola inatuma 24 V, draivu inasema impulsio ni 5 V. Natia hivyo tu?

Utaunguza optokapla ya ndani (piesi ndogo yenye inapokea impulsio). Draivu mingi zinataka rezistansi ya karibu 2 kΩ mu waya kama unatoka ku 24 V, zingine ziko na mulango ingine ya 24 V tayari. Soma shema ya draivu yako mbele haujafunga.

Nimefunga draivu ku CANopen ama EtherCAT (basi, ni kusema kable za mawasiliano kati ya kontrola na draivu), inaonekana, lakini inakataa kuwasha moteri. Kwa nini?

Juu haiwake kwa amri moja. Profaili yenye draivu karibu zote zinafuata ku hizo basi mbili inaitwa CiA 402, na inataka upande ngazi. Ku obje 6040h (ya amri) unaandika 06h, kisha 07h, kisha 0Fh, na kila mara unasoma 6041h (ya hali) mbele ya kuendelea. Ukiangalia herufi mbili za mwisho za 6041h, mara nyingi utaona 31, kisha 33, kisha 37. Ukifika ku 37 moteri imeshika. Ukibaki ku 50 ama 40, ngazi ya kwanza haijapita, mara nyingi STO (mulango wa usalama wenye unaondoa kuple ya moteri) iko wazi ama umeme wa nguvu haujafika. Biti ya 3 ikiwaka ni defo (kosa): soma 603Fh ujue ni gani, TOA sababu, kisha tuma biti ya 7, ni kusema 80h, kutoka zero kwenda juu. Ikikaa juu tu haifanye kitu, ni ile kupanda njo inahesabiwa.

Modi unaiweka ku 6060h: 1 ni nafasi ya profaili, 3 mwendo, 4 kuple, 6 kutafuta zero, 8 ni nafasi ya kufatana na saa ya basi, njo CNC za EtherCAT zinatumia. Soma 6061h uone kama imekubali kweli. Ku modi 1 batu mingi banaweka nafasi ku 607Ah, mwendo ku 6081h, kisha banangoja na hakuna kinatembea. Inabaki biti ya 4: tuma 1Fh, kisha rudisha 0Fh ndipo uweze kutuma ingine.

Kama hata haionekane ku CAN, zima umeme wote na upime kati ya CAN_H na CAN_L. Lazima upate karibu 60 Ω, juu kuko rezistansi mbili za 120 Ω, moja kila mwisho wa kable. Ukipata 120 imekosekana moja. Ukipata 40 kuko tatu. Na urefu unagusa mwendo wa basi: ku 500 kbit/s usipite karibu mita 100, ku 125 kbit/s unaweza kufika karibu 500.

Moteri inalia, inatetemeka, ama inapita pahali pa kusimama kisha inarudi. Naituni namna gani?

Anza na mashini yenyewe, tafazali. Kaple imelegea, mukanda umechoka, pinyo iko na luzi (inacheza), hakuna geini (namba ya ukali wa kusahihisha) duniani itatengeneza ile. Shika muzigo na mukono, moteri ikiwa imeshika, sukuma na uvute. Ukisikia luzi, rudi ku ufunguo.

Kisha jua inersi (uzito wa kuzungusha na kusimamisha). Draivu inataka kujua muzigo unazidi rota mara ngapi. Mpaka mara 5 kazi ni rahisi, mpaka mara 10 inakwenda, kupita hapo inakuwa nzito, utapunguza mwendo wa kuanza na kusimama ama utaweka redikteri. Na redikteri inasaidia sana, juu inersi yenye moteri inaona inagawanywa na uwiano mara mbili: redikteri ya 5 inagawanya na 25.

Oto-tuning ni nzuri, itumie, lakini hakikisha aksi iko na nafasi ya kutembea pande zote mbili na mutu hayuko karibu. Mara mingi matokeo yake yanatosha. Kama hayatoshi, fanya na mukono, kutoka ndani kwenda inje. Ya ampea usiiguse, izini imeipanga na moteri. Ku bukle ya mwendo, toa integrali kwanza (sehemu yenye inakusanya kosa ndogo ndogo; weka wakati mukubwa kabisa), panda geini polepole, sikiliza. Itafika pahali moteri inaanza kuvuma kama nyuki mu muzinga. Shusha mpaka 60 ama 70 kwa mia ya ile namba. Kisha rudisha integrali, kisha panda geini ya nafasi.

Kuko kanuni yenye inasaidia usitembee mu giza. Bukle ya mwendo ikiwa ku 40 Hz, geini ya nafasi isipite 2π mara 40 gawanya na 4, ni karibu 63 kwa segonde, na integrali isishuke chini ya 16 ms hivi. Ukipanda mwendo ku 80 Hz, ya nafasi inaweza kufika karibu 125 na integrali kushuka mpaka 8. Unaona zinatembea pamoja? Mutu anapandisha geini ya nafasi peke yake, mashini inapita na kurudi, anasema draivu ni mubaya. Hapana, bukle ya inje imetaka kukimbia kupita ya ndani.

Kama inapiga filimbi ya sauti moja ile ile, hapo ni rezonansi ya chuma, si geini. Rekodi ampea na ile osiloskopi ya mu programu, soma frekansi, weka filtre ya notch (yenye inaziba frekansi moja tu) pale pale. Kisha utaweza kupanda tena geini. Na fidforwadi (amri yenye draivu inatuma mbele ya kungoja kosa) uiweke mwisho kabisa, inapunguza kosa ya kufuata ku njia, haiponye kutetemeka.

Aksi ya kupanda na kushuka inaanguka kidogo kila nikizima. Freni imekufa?

Labda iko muzima. Freni ya ndani ya moteri ni ya KUSHIKA, haiko ya kusimamisha, ukiitumia kusimamisha muzigo unaokimbia itakwisha haraka. Inaachia ukiipa 24 V DC na inafunga ukiitoa, na kufunga kunachukua wakati kidogo. Kama draivu inaachilia moteri palepale inaamuru freni ifunge, hapo katikati muzigo unashuka. Kuko parametri ya kungoja: freni ifunge kwanza, kisha moteri iachie. Anza na 100 ama 200 ms, ongeza mpaka isishuke tena. Acha draivu yenyewe iendeshe freni kupitia rele, usiifunge ku buto ya opereta.

Na STO: ikifunguka inaondoa kuple mara moja, ni kusema muzigo wa juu utaanguka kama freni haijafunga. Haikati umeme pia. Usiingize mukono chini ya aksi juu tu taa ya STO imewaka, weka kipande cha ubao ama chuma chini.

Umeme unakatika sana kwetu, draivu inatoa alarmi ya voltaji kila mara. Nifanye nini?

Tenganisha alarmi mbili. Ya voltaji chini inakuja umeme ukishuka ama ukikatika. 220 V ikigeuzwa inatoa karibu 311 V ku basi ya DC, 380 V inatoa karibu 537 V. Pima hapo ku skrini ya draivu mashini ikifanya kazi, si ikiwa imelala. Kama inashuka sana wakati wa kuanza, kable ni ndogo ama grupu ni ndogo. Ongeza wakati wa kupanda mwendo, hii haikuombe hata dola moja.

Draivu mingi ziko na milango mbili ya umeme, moja ya nguvu na moja ya kontroli. Weka ondileri ndogo ku ya kontroli peke yake. Umeme ukikatika, moteri inasimama lakini draivu inabaki inajua iko wapi, haupoteze zero, na kazi ilikuwa nusu inaweza kuendelea. Kwa mashini yenye inakata sahani ya bei, hii inalipa mara moja. Lakini ondileri iwe ya mawimbi safi, ile ya mawimbi ya mraba iache kwa taa.

Alarmi ya voltaji juu, hiyo inakuja moteri ikisimama, juu moteri yenye inasimama inageuka jenereta. Hesabu kidogo: inersi yote 0.01 kg·m² ku 3000 tour inabeba karibu 490 J. Kondansateri ya 1000 µF kutoka 325 V mpaka 380 V inapokea karibu 19 J tu. Zingine zinakwenda wapi? Ku rezistansi ya freni, na kama haina, alarmi. Angalia kama imefungwa, kama haijakatika (pima na ommetre), na usiweke yenye iko chini ya ohm zenye kitabu kinaruhusu, utaua transista. Na kama kuko parametri ya kusema "niko na rezistansi ya inje", iweke, mingi wanaisahau.

Urefu wa muji juu ya bahari unagusa draivu?

Ndiyo, na bauzaji ni wachache wanakuambia. Namba za plake ni za mpaka mita 1000. Kupita hapo hewa ni nyepesi, inapoza kidogo, na watengenezaji wengi banaomba kutoa karibu 1 kwa mia ya ampea kila mita 100. Lubumbashi tuko karibu 1200, ni kidogo. Kolwezi wanapita 1400, na bandugu wa Goma na Bukavu bako karibu 1500, hapo hesabu 5 kwa mia, na moteri pia, si draivu tu. Ongeza vumbi ya kiangazi na armwari yenye filtre imefungwa, njo unapata alarmi ya joto mu mwezi wa tisa. Safisha filtre kila wiki kiangazi. Usifungue mulango wa armwari juu ipate hewa, vumbi yetu ya migodi inaweza kupitisha umeme.

Alarmi ya batri ya ankoda imetokea. Naweza kuzima nibadilishe?

USIZIME. Badilisha na umeme wa kontroli ukiwa umewaka, gusa batri tu, usiguse mahali pengine. Ni litiumu ya 3.6 V. Ukizima na batri imekufa, ankoda inasahau tour zote na utatafuta zero upya. Ikisha kutokea, futa alarmi ya tour nyingi mu menyu, peleka aksi ku alama ya zamani, weka zero upya (ku CiA 402 ni metodi ya 35 ama 37, ile ya "hapa nilipo njo zero"). Na kama mashini haina alama yoyote ya chuma ya zero, piga leo, na punsoni, wakati bado inafanya kazi.

Draivu inanitolea defo bila sababu, hasa wakati mashini ya kusudia (kulehemu chuma) iko karibu.

Ni makelele ya umeme. Kable ya moteri iwe na blendaje, ifungwe ku ardhi pande zote mbili na kola ya chuma yenye inashika muzunguko wote, si kamkia ka waya. Kable ya ankoda itembee mbali na ya moteri, sentimeta 20 ama zaidi, na zikikutana zikate kwa pembe ya mraba. Ardhi ya mashini iwe ya kweli, piketi mu udongo wenye unapimwa, kiangazi udongo wetu unakauka na ardhi yenye ilikuwa nzuri mu mwezi wa pili inakuwa mubaya mu mwezi wa nane. Mvua ikianza, radi zinaanza nazo: parafudri ku tablo, na usiku mashini isitumike uzime disjonkteri. Kama unataka disjonkteri ya diferansheli kwa draivu ya fazi tatu, chukua ya aina B, zingine zinaweza kuwa kipofu kwa DC yenye inavuja.

Nahifadhi parametri namna gani?

Kuko mambo mbili batu banachanganya. Kuandika mu draivu na kuhifadhi mu draivu si sawa: ku draivu mingi namba inakaa mu memori ya muda mpaka utume amri ya kuhifadhi, ku CANopen ni obje 1010h. Na upande ingine, kama otomati yako inabadilisha parametri kupitia Modbus kila segonde, hakikisha haiandike mu EEPROM (memori ya kudumu), juu ile iko na maisha, mara mingi karibu maandiko 100000, na kwa segonde moja moja inakwisha mu siku moja na kidogo.

Kisha toa fishye, weka ku ordinateri, ku simu, na karatasi moja iliyochapishwa mu mulango wa armwari mu plastiki. Nywila pia hapo. Fundi mwenye aliipanga anaweza kwenda Kolwezi kesho, mashini inabaki hapa.

Naweza kugusa ndani kisha ya kuzima?

Ngoja. Kitabu cha draivu kinasema dakika ngapi, mara mingi kati ya 5 na 15. Kisha pima DC kati ya P na N (milango ya basi ya DC) na ungoje umeme ushuke chini ya 50 V mbele ya kugusa. Taa ya chaji ikizimika haitoshi, pima. Na usipime insulesheni na megometre waya zikiwa bado ku draivu, zitoe, pima kable na moteri peke yake.

Nimenunua draivu ya okazio, ilikaa mu depo miaka mingi. Niiwashe?

Si na umeme wote mara moja. Kondansateri ya elektroliti yenye imekaa bila umeme inapoteza ngozi yake ya ndani, ukiipa 380 ghafla inaweza kupasuka. Kama imepita mwaka moja ama miwili, ipandishe polepole na variaki (transfo yenye unapandisha voltaji na mukono), bila moteri: saa moja hivi ku robo ya voltaji, kisha nusu, kisha robo tatu, kisha yote. Kama hauna variaki, taa ya zamani ya waya ya wati 60 mu laini inasaidia kwa ile ndogo ya 220, inawaka kidogo kisha inafifia kama iko sawa, na ikibaki imewaka sana, kuko short ndani, usiendelee. Mbele ya yote, na multimetre ku modi ya diode, pima kutoka U, V, W kwenda P na N: kila moja lazima itoe namba karibu sawa na zingine. Moja ikitoa zero, transista imekufa, na bei lazima ishuke ama uirudishie mwenye nayo.